Mwaka na nusu kwenye banda la farasi la kulipia upande wa Meru: huduma sina neno, bili za dokta ndo zilinitoa jasho

Mimi nimepanga Sakina hapa Arusha, vyumba viwili na sebule, laki mbili na nusu kwa mwezi. Farasi wangu naye amepanga, chumba kimoja upande wa Meru, laki nne na themanini kwa mwezi. Mama watoto akiisikia hii hesabu huwa anainuka anaenda jikoni bila kusema neno.

Naandika hii kwa sababu watu wananiuliza sana inbox, hasa madereva wenzangu wa utalii walioona picha za binti yangu akiwa juu ya farasi, wanadhani ni biashara au nimeokota hela. Sijaokota. Kuna mteja wangu mmoja alikaa hapa Arusha miaka tisa, wakati anarudi kwao akaniuzia farasi wake milioni moja na nusu pamoja na tandiko, hatamu, brashi, kila kitu hadi ndoo. Jina lake Biskuti, dume aliyehasiwa, miaka 14, rangi ya chai ya maziwa. Bei ya ng'ombe mzuri wa maziwa, nikaona nimepata. Nikamwambia mzee mmoja Mwarusha jirani yangu, akanitazama, akauliza, "Unamkamua?" Nikasema hapana. "Unamla?" Hapana. Akasema haya, na hakuendelea na hayo maongezi.

Sasa banda lenyewe. Silitaji jina maana sitaki kesi na pia bado farasi wangu yuko pale, ila wenye farasi mtalijua tu, tuko wachache. Nilianza Juni 2024, mkataba ulikuwa kwa dola, 180 kwa mwezi, alafu 2025 serikali ilipokataza mambo ya kupanga bei kwa dola wakageuza kuwa shilingi na "wakasawazisha" kwenda juu kidogo, hilo nilisamehe. Ndani ya hio hela unapata chumba, nyasi kavu, pumba na shayiri kidogo, maji, kutolewa malishoni asubuhi, kusafishiwa, na saisi, yaani mtu wa kumtunza farasi. Na hapa lazima niseme ukweli, masaisi wa pale ni watu na nusu. Kuna mzee mmoja amekaa na farasi tangu ujana wake, huyu mzee akipita kwenye korido anajua nani hajala bila kuangalia ndoo. Alinifundisha kuhesabu mapigo ya moyo chini ya taya, farasi aliyetulia ni kati ya 28 na 44 kwa dakika, joto 37.5 hadi 38.5, na ufizi uwe wa pinki wenye unyevu. "Hivi vitatu ukivijua dogo," akaniambia, "utapiga simu kwa dokta ukiwa na maneno, sio ukiwa na kilio." Usafi nawapa tano kwa tano, upendo kwa wanyama tano.

Kitu kingine wanachofanya vizuri, kila siku kabla jua halijazama farasi wote wanaingizwa ndani. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya fisi. Kumbe ni usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu, vinatoka jioni mpaka alfajiri na ndo vinaeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao farasi asiyechanjwa akiupata kupona ni bahati, mapafu yanajaa maji ndani ya siku chache. Pundamilia anaubeba wala haumwi, na sisi pundamilia ndo majirani zetu. Punda naye hana habari nao sana, wale wanaopita na madumu ya maji kila asubuhi wanamwangalia Biskuti kama mgeni wa hoteli. Dokta alituambia siku moja kwamba 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia, wale wapanda farasi wa Afrika Kusini waliokuja na Jenerali Smuts kumpiga Mjerumani walitoka hapa hapa Arusha kwenda Kondoa wakati wa masika, na farasi wao wakafa njiani kwa mamia, ugonjwa na mbung'o. Kwaiyo kufuga farasi hapa ni kubishana na nchi, na kubishana na nchi kuna bei yake.

Na bei yenyewe ndo hii ambayo hakuna mtu aliniambia. Sio kwamba walinificha kwa ubaya, ni vile ukiuliza "kwa mwezi ni shilingi ngapi" unajibiwa kwa mwezi ni shilingi ngapi. Mimi nikajua laki nne na themanini ndo farasi. Kumbe hio ni kulala na kula. Fundi kwato kila wiki sita hadi nane, elfu sitini. Dawa ya minyoo. Jicho lilichomwa na mwiba, matone na dokta kuja mara mbili. Homa ya kupe Desemba ile ya kwanza, damu ikapelekwa kupimwa, sindano. Hizi ndogo ndogo nilizilipa nikinung'unika tu, mtu mwenye gari bovu ameshazoea.

Chanjo ndo ilinifungua macho kidogo. Hio ya ugonjwa wa usubi inatoka nje, Afrika Kusini, inakuja kwenye barafu, na inachomwa mara mbili, chupa ya kwanza alafu unasubiri wiki tatu unachoma ya pili, na hapo katikati farasi hatakiwi kukimbizwa. Sawa. Februari 2025 dokta akaja, nikaletewa bili, dawa yenyewe sikuwa na tatizo nayo, ila kuna mstari umeandikwa "gari la daktari 90,000". Nikalipa. Miezi imepita, nimekaa na dada mmoja wa Moshi anayemlaza farasi wake pale pale, tunapiga stori, akasema yeye chanjo ya kwanza alilipa 90,000 ya gari. Nikamwambia na mimi. Akaniuliza siku gani, nikamwambia, akasema hio hio. Tukaanza kuulizana na wengine. Wadau, farasi saba walichanjwa asubuhi moja, na gari moja, na dokta mmoja, na gari likalipwa mara saba. 630,000 kutoka mjini mpaka pale, hio hela mimi nampeleka mgeni Serengeti.

Tulivyomfuata meneja akashangaa kweli, au aliigiza vizuri, akatoa faili, na kwenye faili bili ya dokta kwa banda ilikuwa imeandikwa gari mara moja tu. Kwaiyo dokta hana kosa, tena nataka ijulikane hivo, dokta ni mtu safi. Ni ofisi yao ndo ilikuwa inanakili. Nikarudishiwa 75,000 kwenye kodi ya mwezi uliofuata. Hesabu sahihi ilikuwa 77,143, hio 2,143 nimewasamehe, wanunue kalamu. Ila jiulize, kama yule dada asingekuja kunywa chai siku ile?

Haya, tuje kwenye tumbo.

Septemba 2025 nilikuwa Karatu na wageni, kesho yake tunashuka kreta ya Ngorongoro alfajiri, nimelala simu iko kwenye chaji. Saa kumi na moja naamka nakuta misidi kolo nne za meneja, ya kwanza saa saba na dakika arobaini usiku, na meseji: "Biskuti tumbo linamsokota, tumemwita dokta, yuko njiani." Nikapiga mikono inatetemeka. Akapokea yule mzee saisi, sauti imechoka, akasema dogo tulia, amesimama sasa. Akanieleza. Saa sita usiku alisikia kishindo, akaenda akamkuta Biskuti amelala anagaragara, jasho limemloanisha kama amenyeshewa, anageuka kuangalia ubavu wake, anajipiga teke tumboni. Akaweka sikio ubavuni. Kimya. Farasi mzima tumbo lake linanguruma muda wote kama kuna mtu anahamisha samani, sasa huyu kimya kabisa, hata kujamba hajambi. Mapigo 64. Wakamtoa nje wakawa wanamtembeza kwenye baridi, zamu kwa zamu, mpaka dokta alipofika saa nane na nusu.

Farasi hatapiki. Hili nilikuwa silijui, na nadhani wengi hamlijui. Mlango wa juu wa tumbo lake umekaza kiasi kwamba kitu kikishaingia hakirudi, kwaiyo gesi au maji yakijaa kule ndani tumbo linaweza kupasuka, na hapo ndo mwisho. Ndo maana dokta anapitisha mpira mrefu puani mpaka tumboni, kama ule wa kumwagilia bustani, anatoa kilichojaa alafu anaingiza maji na mafuta. Akavaa glovu mpaka begani akapima kwa nyuma, akasema ni kuziba, nyasi kavu zimeshikana kwenye kona ya utumbo mkubwa, sio kujipinda. Ingekuwa kujipinda ni upasuaji, na upasuaji wa namna hio usiku ule chini ya Meru, mzee aliniambia dokta alinyamaza tu. Sindano za maumivu, dripu lita kumi na tano, na saa kumi na mbili kasoro Biskuti akanya. Mzee alinitumia picha. Sijawahi kufurahia picha kama ile, nikawaonyesha hadi wageni wangu pale kwenye gari, wale watu wa Uholanzi wakapiga makofi.

Jumatatu nikaletewa bili. Naiandika kama ilivyo kwa sababu ndo kitu mnachokitafuta humu. Gari 90,000. Huduma ya usiku 150,000. Uchunguzi 70,000. Mpira na mafuta 130,000. Sindano 85,000. Dripu 240,000. Kurudi kumwangalia mchana, gari 90,000 na uchunguzi 70,000. Hapo 925,000. Saisi kukesha 30,000, hio ningelipa hata laki. Alafu chini kabisa kwa herufi ndogo, "usimamizi wa matibabu asilimia 10", 95,500. Jumla 1,050,500.

Nilimpigia meneja nikiwa nimesimama.

"Dada, hii usimamizi ni nini?"

"Kaka ni kwa ajili ya ofisi, simu, kuratibu daktari, ipo kwenye mkataba."

"Simu ya dakika mbili ndo 95,500?"

"Kaka, soma ukurasa wa tatu."

Nikausoma, kwa mara ya kwanza tangu niusaini, na hapo najisema mwenyewe. Imeandikwa kabisa kwamba mwenye farasi asipopatikana banda lina ruhusa ya kumwita daktari na gharama zote ni za mwenye farasi, hakuna kiwango cha mwisho, na hio asilimia 10 ipo. Sasa ile ruhusa ndo iliyomwokoa Biskuti, siwezi kuilaumu, wangesubiri mimi niamke Karatu ningekuta mzoga. Ila hakuna aliyenikalisha siku ya kwanza akaniambia kaka, kuna usiku mmoja utakuja na utakugharimu miezi miwili ya kodi, jiandae. Bei ya dokta sio wizi, nimeulizia, mtu wa kutoka kitandani saa saba usiku na dripu lita kumi na tano sio bei ya kuku. Kinachouma ni kuijua siku ya kulipa.

Na kuna jingine, hili ndo lilinifanya nigombane nao wiki nzima. Agosti ile nyasi ziliadimika, kiangazi kilikuwa kikali, wakabadilisha. Walikuwa wanalisha nyasi laini za kufungwa marobota kutoka shamba moja, wakaanza kuleta nyingine, ngumu, za rangi ya ufagio, pamoja na mabua kidogo. Hawakutuambia. Dokta mwenyewe alisema mbele yangu, farasi ukimbadilishia chakula unachanganya taratibu siku saba mpaka kumi, na akila kikavu zaidi lazima umhakikishie maji zaidi. Nikamwambia meneja basi hilo ni tumbo mlilolisokota nyie, mbona nalipa mimi? Akajibu farasi 19 walikula nyasi hizo hizo na ni mmoja tu aliyeumwa.

Nilikuwa na jibu la hilo? Sikuwa nalo, na sababu ya kutokuwa nalo inanitia aibu kidogo. Juni dokta alipita kukagua meno. Meno ya farasi yanaendelea kuchomoza maisha yote na yanasagika upande, yanabaki na kingo kali kama kisu zinazokata mashavu, inabidi yapigwe tupa mara moja kwa mwaka, na Biskuti alikuwa anadondosha vijiti vya nyasi vilivyotafunwa nusu. Bei 160,000 pamoja na dawa ya kumlegeza. Nikasema tusubiri wageni wa Julai. Wageni wa Julai wakaja wakaondoka, ada za shule zikafuata, meno yakasahaulika. Nilijitetea kwa utani eti sisi watu wa Arusha maji yetu yenye floridi yameshatupaka meno rangi tangu utotoni na tunatafuna vizuri tu. Sasa farasi asiyetafuna vizuri, umpe nyasi ngumu, maji kidogo kwa sababu ya baridi ya usiku... unaona. Dokta nilimuuliza ni meno au ni nyasi, akacheka akasema, "Ukitaka nikuandikie barua ya mahakamani tafuta dokta mwingine."

Tulimalizana hivi: wakafuta ile asilimia 10, wakanipa miezi mitatu kulipa iliyobaki, na wakaanza kubandika ubaoni aina ya nyasi zikibadilika. Mimi nikalipa meno mwezi uliofuata bila kuambiwa mara mbili.

Bima nilijaribu. Nilienda kwa wakala mmoja pale mjini, akachukua fomu kwa furaha, akauliza ng'ombe wangapi. Nikasema farasi mmoja. Akaweka kalamu chini.

Kwaiyo kama unataka kulaza farasi wako sehemu yoyote hapa kwetu, iwe Arusha iwe Moshi, mi ningeuliza haya kabla ya kuuliza kodi. Dokta anaitwa na nani, na mpaka shilingi ngapi bila mimi kupatikana, na hio namba iandikwe. Mimi yangu sasa imeandikwa laki nane, ikizidi hapo wampigie mama watoto, na akikosekana yeye waamue wao, sio kuacha. Gari la dokta linagawanywaje siku ya chanjo. Kuna asilimia ya ofisi au hakuna. Naomba bili ya dokta yenyewe, sio waliyoinakili. Nyasi zinatoka wapi na zikiisha mnafanyaje. Na uwape namba mbili za simu, moja ya mtu asiyeenda kreta. Alafu nyumbani weka kibubu, mimi natia elfu themanini kila mwezi na siigusi hata kwa ada, ingawa Januari hii nimeiangalia sana.

Nyota? Huduma kwa mnyama tano. Masaisi tano na zaidi, yule mzee kama angekuwa na banda lake ningehamia leo. Ofisi na makaratasi mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya kukubali kosa. Jumla nawapa tatu na nusu, mama watoto anasema moja lakini yeye hampendi Biskuti tangu alipomlia kilemba.

Chanjo inakuja tena mwezi ujao kabla ya masika. Tumeshafungua grupu la wasap sisi wenye farasi, tuko tisa, gari la dokta ni elfu kumi kila mtu, dada wa Moshi ndo mweka hazina na ni mkali kuliko benki. Meneja aliomba kuongezwa, tukajadili siku mbili, tukamwongeza.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti. Nikamkuta mzee anampiga Biskuti brashi, ndoo mbili za maji ya uvuguvugu mlangoni, nikamwamkia, akaitikia, na kabla sijamaliza kuuliza hali ya mgonjwa Biskuti akainua mkia akajamba kama bodaboda inayokataa kuwaka, ndefu, mpaka binti akakimbilia nje. Mzee hakusogea. Akaendelea kupiga brashi, akasema, "Isikilize vizuri dogo, hio umeilipia."